Nyumba Nyekundu Chini ya Uluguru

Dada Mwajuma, shikamoo.

Morogoro nzima hakuna mwenye bahati kama mimi: nimepata chumba kizuri, mto unapita mlangoni, mama akija hatataki kurudi. Wataalamu wa mafuriko waliokuja kuupima mto hawaendi popote bila mimi, maana begi nabeba mimi. Wana picha zilizopigwa na setilaiti kutoka juu ya mawingu. Nyumba zitakazofikiwa na mafuriko wamezipaka rangi nyekundu humo pichani. Leo tumemwonyesha mjane mmoja, Bi Tatu, nyumba yake: nyekundu. Akauliza taratibu, "Na kaburi la mume wangu hapo nyuma, hiyo setilaiti imeliona?" Mimi mcheshi wenu nikainama kufunga begi.

Mlimani kumefunga wingu. Nimewakumbuka sana. Mama asije kwanza, dada. Nyumba ya Bi Tatu ndimo nilimopanga. Ile bahati nimekudanganya.

Mdogo wako, Shabani