Nani Alipoteza Mzigo wa Mama Hawa

Alhamisi. Jua kali mtaa wetu wote wa Mtanda, na mimi sina uso wa kutoka nje.

Nimeuona mzigo wa Mama Hawa.

Uko humu humu kwangu. Asubuhi nilisogeza kiroba cha unga nifagie, nikaukuta nyuma yake, umefungwa vizuri, namba ya simu juu kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nilikaa sakafuni na ufagio mkononi.

Kwa asiyenijua: nauza nguo za watoto mtandaoni. Naweka picha, watu wanaagiza, natuma kwa basi. Mama Hawa ni mteja wangu wa Rondo. Aliagiza gauni jeupe, viatu na mtandio wa kumvalisha binti yake siku ya kutoka unyagoni, Jumamosi iliyopita. Siku ile macho yote huwa kwa mwali. Mama yule aliisubiri siku hiyo mwaka mzima.

Siku ya kutuma nilipeleka stendi mizigo mitano nikiamini ni sita. Wakala wa basi, Ngonyani, huwaandikia watu karatasi ya kupokea mzigo. Mimi hapana. Mimi Mmwera, yeye Mngoni, ni watani. Tunatukanana wee, namwachia mizigo, naondoka. Na nilikuwa najisifia jambo hilo!

Mama Hawa alipopiga simu kwamba hajapata kitu, nikamuuliza Ngonyani.

"Mzigo wa Rondo hukuleta, mtani."

Nikacheka. "Mngoni mwizi we, umeshamvalisha mkeo."

"Haki ya Mungu, hukuleta."

Nikazidi kucheka. Mtu huyu kila wiki huniambia mizigo yangu ameigawa sokoni. Nikamwambia Mama Hawa atulie, unakuja.

Ijumaa haukuja. Hapo nikageuka mbogo. Mama Hawa aliponiuliza kwa upole jukumu ni la nani sasa, nikamjibu kwa ukali kwamba mzigo ukishatoka mikononi mwangu, aulizwe mtu wa basi. Kisha nikaandika hapa hapa, kwenye ukurasa huu, kwamba kuna wakala wa stendi haaminiki. Jina sikutaja. Lakini stendi yetu ile, nani asiyemjua?

Binti yake, Hawa, alitoka na gauni la kuazima, limempwaya mabegani. Mama yake alinitumia picha, na chini ameandika: "Pole na wewe dada, najua umepata hasara."

Pole! Mimi!

Niseme yote. Leo nilishika mkasi niufungue ule mzigo, nguo nizirudishe kwenye bidhaa, ninyamaze. Nani angejua? Nilikaa na mkasi ule muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Adhuhuri nikampigia Mama Hawa, nikamwambia sikuutuma. "Lete tu, atavaa Idi," akasema. Halafu: "Na yule kaka wa watu tulivyomsema!"

Basi niandike wazi, na ninyi mliosoma lile la kwanza msome na hili. Wakala hakuiba. Mzigo niliupoteza mimi, ndani ya nyumba yangu, na nikamsingizia mtu aliyeniambia kweli mara mbili.

Alasiri nimekwenda stendi na ule mzigo. Nimemweleza Ngonyani mbele ya wapagazi wake, maana nilimchafua mbele ya watu. Nilikuwa natamani anitukane. Aniite Mmwera kichwa maji, aseme lolote, nimjibu, tucheke yaishe.

Amesikiliza mpaka mwisho. Amepokea mzigo, akafungua kitabu, akaandika jina langu kamili, akachana karatasi na kunipa kwa adabu zote.

"Asante, dada. Karibu tena."

Miaka yote ile hajawahi kuniita dada; siku zote ni mtani. Kesho nina mizigo mingine miwili ya kupeleka pale dirishani kwake. Nitamsalimuje?