Nilimcheka Mama Yangu Akifa Angani

Mshauri wetu mpendwa,

Naomba msaada wako, na nakuomba uisome barua hii hadi mwisho kabla hujanihukumu, maana nimeshajihukumu mwenyewe na sijapata nafuu. Mimi ni mfamasia, nimechumbiwa, na baba yangu ni fundi wa friji ambaye tangu nikiwa mdogo anatengeneza filamu za safari za angani uani kwetu, yeye na majirani, kwa kamera ya kuazima. Chombo chao cha angani kimeundwa kwa milango ya friji mbovu, vitufe vyake ni vifuniko vya chupa, nyota ni matundu kwenye pazia jeusi lenye taa nyuma yake, kwa hiyo upepo ukivuma nyota zote zinayumba pamoja, na sayari ni mpira uliopakwa rangi ambao uzi wake utauona hata kama hutaki. Kuna mahali nahodha anatangaza kwamba hapa hakuna kiumbe hai, na papo hapo jogoo wa jirani anawika.

Utotoni nilizipenda filamu hizo kuliko kitu chochote, na dude la angani likitokea nilikuwa najificha nyuma ya mama, ingawa nilijua fika kuwa ni fundi cherehani wa nyumba ya pili amejifunika kitambaa cha kiti cha gari na chujio usoni, nilimwona akivaa. Lakini nilipoingia chuo nikaanza kuona haya, na nilipompata mchumba nikamwambia baba yangu ni fundi friji, basi, nikaishia hapo.

Sasa Jumapili iliyopita wakwe zangu watarajiwa walitualika kula mchana, mimi na baba, mama yangu alishafariki miaka mingi iliyopita. Chakula kilienda vizuri, mama mkwe anamwita baba "mkwe wangu" na kumjazia sahani, baba anatabasamu. Tulipomaliza, shemeji yangu, mdogo wake mchumba, ambaye anahariri picha kwenye kituo cha televisheni, akasema, "Subirini niwaonyeshe kitu mtacheka mpaka mlie." Akawasha televisheni, na mshauri, nyota zikaanza kuyumba.

Baba alikuwa ndiye nahodha, lakini kichwani alikuwa amevaa bakuli la plastiki, sura haionekani, ni sauti tu. Baba mwenyewe, pale kitini, akanigeukia. Alinitazama, na nilijua ananisubiri mimi niseme, kwa sababu hiyo ilikuwa nyumba ya wakwe zangu na neno la kwanza lilikuwa langu. Shemeji akaniuliza, "Shem, umewahi kuona vituko kama hivi?" Nikasema, "Watu wengine hawana kazi." Wakacheka. Baba naye akacheka.

Ingekuwa imeishia hapo labda ningelala. Ikafika sehemu ya mama. Mama aliigiza daktari wa chombo, anakufa akimwokoa nahodha, na anakufa taratibu, kafumba macho, halafu akiwa ameshakata roho mkono wake unanyanyuka kidogo na kuvuta gauni lifunike magoti. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Shemeji akasema, "Maiti gani hii inajisitiri?" Na mimi, mshauri, mimi mwanawe wa kuzaa, nikadakia, "Aliogopa malaika watamwona vibaya." Walicheka hadi mama mkwe akashika mbavu. Baba akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, akasema, "Ni kweli, inachekesha," kisha akasema kuna friji ya mteja inamsubiri. Jumapili.

Nilimsindikiza hadi getini, na yeye ndiye aliyenifariji, akasema, "Umefanya vizuri, mama. Usije ukaingia kwa watu ukaitwa mtoto wa vichekesho." Mchumba wangu baadaye kwenye gari akaniambia, "Ile sauti ya nahodha kama ya mzee." Nikamjibu kwamba sauti za wazee zinafanana.

Juzi nilikwenda nyumbani nikamkuta baba na bisibisi anakifungua kile chombo, mlango mmoja mmoja, anaipanga ukutani. Nikamuuliza kwa nini, akasema anahitaji nafasi. Fundi cherehani ndiye aliyenivuta pembeni akaniambia walikuwa wanatengeneza filamu mpya na ilibaki sehemu moja tu, na mzee hataki kusikia habari yake. Harusi imekaribia. Nifanyeje nimwombe baba msamaha bila wakwe zangu kujua?

Ni mimi mwenye aibu, Bi Arusi Mtarajiwa


Jibu la mshauri

Bi Arusi, barua yako nimeisoma hadi mwisho kama ulivyoomba, na nilipofika kwenye gauni la mama yako niliiweka chini nikainuka kwanza. Pole. Nasema pole kwa sababu najua hofu ya mgeni kwenye sebule ya wakwe, mtu anaweza kulikana hata jina lake. Lakini swali lako la mwisho limenikera. Unataka kuomba msamaha chumbani kwa kosa ulilolifanya sebuleni.

Kwanza tuelewane. Wakwe zako hawana kosa. Filamu inachekesha, waliicheka, na hata baba yako anajua jogoo huwa hawiki angani. Mimi pia nimezitazama nyingi za namna hiyo, na sitakudanganya, ni mbovu, mazungumzo yanasuasua na kila mlipuko ni unga wa ngano. Ila nimewahi kumaliza filamu ya kifahari nikasahau yote kabla sijazima taa, na ya wale wa unga nikawa naiwaza jikoni siku ya pili, kwa sababu unawaona watu wenyewe wakihangaika, unaona wanavyotamani umwamini yule aliyevaa bakuli, na unajikuta umeamua kumwamini. Uliyemcheka pale hakuwa mwigizaji hafifu. Alikuwa mke wa mtu, amelala kwenye vumbi la uani kwake mbele ya majirani ili kumfurahisha mumewe, na heshima yake hakuiacha hata akiwa maiti. Baba yako hana picha nyingine ya mama yako akisogea. Au anayo? Hujaniambia, na nina wasiwasi hujawahi kumuuliza.

Mchumba wako si mjinga. Alikufungulia mlango kule kwenye gari, ukaufunga kwa maneno ya kitoto. Anza naye, leo hii, na usimpambie hadithi. Akiona haya kwa sababu ya baba mkwe anayetengeneza vyombo vya angani, ni heri ulijue kabla ya harusi.

Kisha nenda kwa mzee. Usimwambie filamu zake ni nzuri sana, atajua unambembeleza. Mwambie ulichosema kuhusu mama, kwa maneno yaleyale, halafu useme ulikosea, halafu unyamaze. Usimshurutishe kukijenga chombo upya ili wewe upumue. Asipotaka tena, ni haki yake, na utaishi na hilo.

Na sebuleni utarudi. Utasema mbele ya mama mkwe na shemeji yako, "Yule nahodha ni baba yangu, na yule daktari ni mama yangu, na mimi nilijua." Watanyamaza, utatamani ardhi ipasuke, haitapasuka. Shemeji yako ndiye atakayeumia zaidi, mwonee huruma.

Kwa mzee usipige simu, nenda mwenyewe. Akikuona mlangoni ataelewa nusu ya maneno kabla hujafungua kinywa. Hiyo nusu iliyobaki usimwachie yeye aiseme.