Sindano za Neema

Kambi ya Dzaleka, Malawi, siku ya Mungu

Juzi nilisindikiza dada yangu Neema mpaka Lilongwe, mutaa wa Area 47, kuchomwa sindano za kulainisha ngozi ya uso. Nesi alimuambia mbele yangu: "Utavimba, utakuwa na alama za bluu siku chache. Usiogope."

Leo kanisani bamama ba korali baliona uso ya Neema, imevimba na ile bluu. Bakazunguka bwana yake mbele ya bantu bote: "Baba, unapigaka bibi yako?"

Shemeji akageukia Neema. "Sema basi."

Neema akainamisha kichwa, akalia. Alikuwa na haya ya zile sindano.

Shemeji akatoka peke yake. Bamama bakaanzisha wimbo.

Na mi, mwenye nilimushika mukono wakati anachomwa, nikaimba nabo.