Peasi la Kuonja

Alhamisi, Lushoto

Rehema tena. Leo kwenye intaneti kafe amenionyesha kwamba michoro yake ya maua, ile anayoiuza mtandaoni kwa watengeneza kadi, imepata wateja wengine. Yangu haijaguswa mwezi mzima, na mimi ndiye niliyemfundisha kuchora kwa kompyuta.

Nikajikaza, nikamuuliza anafanyaje.

"Dada, natoa ua moja bure. Kama peasi sokoni, mtu anaonja kwanza."

Peasi. Nimekulia nyuma ya beseni la mapeasi ya mama, kisu mkononi, nikiwakatia wateja vipande vya kuonja. Halafu huko mtandaoni nikafungia michoro yote.

Nimempa hongera huku roho inaniuma. Kesho natoa maua mawili.