Kanga ya Mama na Miche ya Nasor

Mjini Ibra, Uarabuni

Dada Zuwena, shikamoo.

Natumai goti limeshapoa na unapanda ngazi bila ya kututukana sisi tulio mbali. Mimi mzima, kitambi kinanitangulia kila niendako, ila uso naona haya kuuinua.

Mwezi uliopita nilimwendesha mgeni wangu mmoja kwenda pwani ya Ras al Jinz kutazama kasa, bibi mwalimu wa kutoka Iceland. Njia nzima ananihadithia visa vya kale vya kwao: ukoo huu umeua, ule umelipiza, mpaka wajukuu. Mjane mmoja aliliweka joho la marehemu mumewe likiwa na damu yake, siku moja akamtupia mwanawe mabegani ili aone aibu kukaa bila kulipiza. Nikacheka. Nikamwambia huyo namjua, ni dada yangu, yuko Unguja.

Maana si wewe uliyeniletea kanga ya marehemu mama? Ile aliyojifutia machozi siku Nasor, mtoto wa ami yetu, alipomrudisha mlangoni kwake, eti nyumba imejaa wageni. Ukaniandikia: "Machozi yake yamo humu, nawe unakunywa kahawa kwa Nasor."

Nilichofanya sikukwambia. Nasor alipokwenda Umra aliniachia zamu yake ya maji ya falaji, ule mfereji wetu wa pamoja wa kumwagilia. Nikamwagilia mitende yangu, yake nikaipita, wiki mbili za joto kali. Miche yake yote ikakauka. Aliporudi akamlaumu Rafiq, Mbangali anayemlimia, akamfukuza. Nami nilikuwapo, natikisa kichwa kama mfiwa.

Sasa bibi yule akaongeza kuwa kwao aliyeua alilazimika kwenda nyumba ya jirani akatamke kuwa ni yeye. Kuua kulikuwa na fidia. Aliyeficha ndiye aliyekosa heshima. Kicheko kikanikauka, nikajifanya natazama barabara.

Mimi na Nasor tunagawana ukuta, dada, na mlango wake niliupita wiki nzima bila kubisha. Mwisho nikamchukua Rafiq alikokuwa amejihifadhi, nikabisha, nikasema yote mbele yao wawili. Nasor alimtaka Rafiq radhi, akamrudisha kazini. Mimi sikukaribishwa kuketi.

"Ulifanya kwa ajili ya mama yako?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Mimi nilimkosea, na hilo nitaulizwa. Lakini mama yako, maishani mwake, alimnyima nani maji?"

Siku hizi zamu yangu inakwenda kwenye miche mipya ya Nasor, na Rafiq ananisimamia kwa ukali, haki yake.

Nisalimie shemeji, na shangazi anayeniona mtu mwema. Mwache aniamini hivyo wiki moja zaidi, kisha msomee barua hii. Kanga nakurudishia. Nimeifua. Ivae, dada, usimpelekee mtu tena.

Mdogo wako,
Khamis