Kuni za Kifo cha Teatri

Mama yangu mupenzi,

Jambo sana toka Kabambare. Jana muchana tulicheza teatri yetu, lakini viti vilibaki vitupu, maana watu walituangalia mu manyumba, ku telefone, palepale tukicheza. Nilipokufa, dada anayecheza muke wangu akalia, na kilio chake kikatoka mu kila nyumba ya mutaa. Majirani wasio na telefone wakakimbia na kuni za kilio, kama desturi. Viti vikajaa, hakuna aliyepiga makofi. Mutu mumoja akanifumba macho vizuri. Nikaogopa kuamuka.

Mama, telefone zinafika hata kwetu Kasongo. Kama wanakuletea kuni, uwarudishie pole pole. Niko muzima, ninakupenda.

Mutoto wako Alimasi