Jino la Ireri na Nguzo za Mukungugu

Mjukuu wangu Wawira,

Barua yako nimeitoa posta leo. Tuko wazima, na yule mbuzi mweupe amezaa mapacha.

Umeniuliza kama nimeelewa habari ya jino jipya la jirani yetu Ireri: skrubu inakazwa kwenye taya, mfupa unaishika kwa miezi kadhaa, ndipo jino linafungwa juu yake. Nimeelewa. Ni kama nguzo mbichi za mti wa mukungugu, ambazo ukizichomeka ardhini hutoa mizizi.

Tukiwa vijana, Ireri alizungushia boma lake nguzo hizo, nami sikuwa hata na boma. Wivu ukanishika. Kila asubuhi nilienda kumsalimia huku nikizitikisa moja moja: "Zimesimama vizuri, Ireri!" Nguzo ikitikiswa haishikwi na udongo. Zote zilikauka. Mpaka leo yeye hulaumu mchwa.

Jana alikuja, skrubu tayari, jino bado. Mwanawe ndiye alimpeleka Nairobi. Mimi nina mapengo matatu, na hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa nimemchomea mahindi magumu makusudi. Aliponyoosha mkono, nikayaondoa, nikamwomba mke wangu, cucu yako, amletee uji.

"Kwani siku hizi unanipenda?" akauliza.

Nikamwitia cucu yako jikoni: uji huo usitiwe sukari.

Guka wako,
Gachoka